Zizi la Samaki

Galula, Songwe
Mvua zikielekea ukingoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya Mama, na nakuomba umpe sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishapata miwani na mwanga humsikii tena mtu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa mkono wa mtoto wa shangazi ilifika, au amejichulia mwenyewe miguu yake ya mpira? Na macho ya Mama yamepata nafuu? Mwambie asipepete udaga wa muhogo upepo ukiwa mkali. Nauliza mengi kwa sababu kwenye simu mnanijibu neno moja tu, "salama", hata kama paa limeezuliwa na mbuzi amezama ziwani.

Mimi ni mzima, ila nimekonda. Wewe uliwatangazia watu kanisani kwamba mwanao amepangiwa kazi nyanda za juu kwenye baridi, na ulipatia nusu. Wiki ya kwanza nilipokewa na familia moja karibu na Mbozi Mission, wakanipa mablanketi mawili na bado meno yaligongana. Kisha nikapanda bodaboda kushuka huku bondeni. Nikavua sweta, nikavua kitenge cha mabegani, nikavua soksi, mpaka yule dereva akaniuliza, "Sasa dada afisa, utafika umevaa nini?" Galula ni joto, Baba. Ni joto la kukaa na ndoo ya maji pembeni. Wenyeji wananicheka, wanasema mtu wa ziwani anaogopaje jua.

Watu ni wema. Wanalima mpunga na mahindi, wengine wanachimba dhahabu vilimani, na wengi wameteremka kutoka Mbozi kwenye mashamba ya kahawa ya wazazi wao yaliyogawanywa mpaka yakaisha. Ugali wao ni wa mahindi meupe, laini, na tumbo langu lililozoea muhogo lilihisi limedanganywa mwezi mzima. Jina langu wameshalisahau. Naitwa Mama Samaki, na sina hata mtoto.

Juzi nilikwenda Tunduma kuchukua boksi la chupa zangu za kazini. Ule mji hausinzii. Malori yamepangana barabarani yakisubiri kuvuka mpaka, na mfanyabiashara mmoja akanisalimia "mulishani", Kibemba hicho, nami nikamjibu kwa Kijita, tukaelewana vizuri tu mpaka bei ya kitenge ikashuka. Kitenge hicho ni cha Mama. Kina rangi ya zambarau, asikigawe.

Sasa nije kwenye kazi, maana ndiyo hasa iliyonikalisha kuandika. Nakumbuka nilipokueleza nitakachokuja kupima ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukawaambia wavuvi wenzako wa mwaloni, "Nimeuza ng'ombe nikasomesha, kumbe nasomesha mpima mkojo wa samaki!" Nilikasirika siku ile, lakini ulikuwa umesema kweli. Mkojo wa samaki ndio kazi yangu, na leo nakuandikia nikiwa na kichwa juu.

Kuna kijito kinatoka milimani, kinapita kwenye majaruba ya mpunga ya Galula, kinaingia Mto Songwe, nao Songwe unamwaga maji yake Ziwa Rukwa. Kifuku kikianza, ndivyo wanavyoita masika huku, samaki wanatoka ziwani na kupanda mpaka maji ya juu yenye changarawe, huko ndiko wanakotaga. Wenyeji wana majina yao, ila mimi namwita yule mkubwa ningu, kwa sababu mdomo ni uleule wa kunyonya mawe, kana kwamba ningu wetu wa kule nyumbani ana binamu. Samaki huyu amekula ziwani kiangazi kizima akanenepa. Akipanda kijitoni anakojoa. Anataga, na mayai mengi yanaliwa au kuoza. Wengine wanachoka na kufia njiani. Kwa hiyo utajiri wa ziwa unapandishwa mlimani kwa mapezi, kinyume na maji yanakokwenda. Fosforasi na naitrojeni, Baba, vitu vilevile ambavyo mkulima wa Mbozi anavinunua kwenye mfuko wa mbolea.

Napimaje? Nachota maji kwenye chupa, natia dawa, na maji yakiwa na fosforasi yanageuka buluu. Ng'ambo ya kilima kuna kijito kingine chenye jabali refu ambalo samaki hawaliwezi. Maji ya pale yanabaki meupe au buluu ya kubahatisha tu, na mawe yake ni matupu, hayana utelezi wala wadudu. Kijito chetu, samaki wakishapita, buluu inakolea. Mawe yanaota ukijani wa kuteleza, wadudu wanakuja kula ukijani, na vifaranga wa samaki wanakula wadudu. Nimeanguka mara nyingi kwenye utelezi huo na kila nikianguka nafurahi.

Basi kifuku kilipokaribia niliitisha mkutano kwenye ghala la mpunga. Nilikuwa na jambo moja tu la kuwaomba. Kila mwaka wanaweka uzio wa matete kukatiza kijito na kupanga migono ya kunasia samaki, ukingo hadi ukingo, hapiti hata dagaa. Niliwaomba waache mwanya katikati, upana wa mlango wa nyumba, mpaka samaki wamalize kupanda. Niliwaonyesha chupa mbili, nyeupe ya kijito cha ng'ambo na buluu ya huku chini samaki wanakofika. Nikawasimulia mto wetu kule nyumbani, jinsi ningu walivyozibiwa mlangoni mwa mto mwaka baada ya mwaka mpaka watoto wa siku hizi wanawajua kwa jina tu.

Mzee Nzowa ndiye mwenyekiti wa wakulima wa kijito. Alizaliwa Ihanda, kule Mbozi kwenye kahawa, ni mtu wa kofia ya pama na suruali ya kupigwa pasi hata siku ya kupanda mpunga. Alisimama, akaishika ile chupa ya buluu, akaipeleka juani.

"Afisa, kwa hiyo unatuambia samaki ni ng'ombe? Anapita, anaacha mbolea?"

Nikasema, "Naam, mzee, unaweza kusema hivyo."

Ghala lote likapiga makofi. Walikubali upesi, Baba, upesi kuliko wakulima wanavyokubali jambo lolote, na mimi badala ya kushtuka nikavimba kichwa. Nikaondoka kwenda Vwawa kwenye semina nikijiona Musa aliyefungua bahari.

Niliporudi, Mama Atupele alinisubiri njiani. Huyu ni mama wa mboga ambaye shamba lake liko ukingoni mwa kijito, kwao ni Ileje milimani, na maneno yake hayana mto wa kuegemea. Akaniambia, "Mama Samaki, nenda kaone ng'ombe wako. Wanakufa."

Nilikimbia. Kumbe walifanya kila nilichosema na zaidi. Waliacha mwanya chini, samaki wakaingia kwa wingi. Halafu kule juu, mpakani na mashamba ya wenzao wa kijiji cha mlimani, wakaweka uzio imara wa fito na matete. Samaki walipojaa, wakaziba na chini. Walijenga zizi, Baba! Zizi la samaki, kijitoni, katikati ya majaruba yao, ili mbolea isiende kwa jirani. Na heshima waliyoiweka! Hakuna aliyeruhusiwa kuvua hata mmoja. Walikuwa wameweka adhabu kwa mtu atakayeonekana na ndoana.

Mzee Nzowa akaja amevaa kofia yake, anatabasamu mpaka masikioni. "Karibu, afisa. Uone vijana wa Galula wanavyoshika somo."

Mvua ilikuwa imekata siku hizo na jua linawaka. Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, yananuka. Samaki walikuwa wamejazana midomo juu, wanatweta, na wachache wameshalala ubavu. Majike yalikuwa yamejaa mayai. Nilijua kabisa kwamba wasipofika kwenye changarawe watataga palepale topeni, mayai yafe, nao wafe. Na wakiisha hawa, nani angenisikiliza tena huku? Wangesema ushauri wa Mama Samaki ndio uliowaua, na wangekuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka wa pili wangerudisha migono ukingo hadi ukingo, na hadithi ya mto wetu ingejirudia mbele ya macho yangu.

Nilitaka kupiga kelele. Unajua hasira zangu, ni zako. Lakini nilimtazama yule mzee na suruali yake ya pasi ikiwa na tope mpaka magotini, nikaona kwamba hakunidharau. Alikuwa ameniamini kuliko nilivyostahili.

"Mzee," nikamwambia, "wafungulie samaki uzio wa juu. Leo hii."

Tabasamu likaondoka. "Tuwafungulie waende kwa wale wa juu? Wale kila kiangazi wanatuzibia maji, mpunga wetu unakauka tukiangalia. Leo tuwapelekee na mbolea? Hapana, binti. Ihanda tulikuwa tunalaza ng'ombe shambani, zizi tunalihamisha kipande kwa kipande. Na hawa tutawahamisha hivyohivyo."

"Kapime kwanza," kijana mmoja akadakia. "Utakuta buluu tupu."

"Hata maji ya choo yatakuwa buluu," nikamjibu. "Utayanywa?"

Watu wakacheka kidogo, lakini Mzee Nzowa hakucheka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimezaliwa nyumba yenye ng'ombe pia, si mitumbwi tu. Nikamuuliza taratibu, "Mzee wangu, hao ng'ombe wa Ihanda mlikuwa mnawafungulia wakati gani?"

"Asubuhi. Umande ukikauka."

"Kwa nini msingewaacha humohumo zizini mchana na usiku, ili samadi ijae?"

Mama Atupele akamjibia kutoka nyuma, mikono kiunoni. "Atakunya nini asiyekula?"

Baba, walicheka watu mpaka wengine wakakaa chini kwenye tuta. Nikaendelea palepale, kabla kicheko hakijapoa. Nikawaambia malisho ya samaki hawa ni ziwa. Mbolea wanayokuja nayo ni ya ziwani. Kwenye hiki kidimbwi hakuna majani mapya, wanakula na kukojoa kilekile kilichokuwa chenu tangu mwanzo. Mkitaka mbolea ya mwakani, lazima wapande wakazae, kisha washuke malishoni wao na watoto wao.

Mzee Nzowa alivua kofia, akajifuta jasho. Niliogopa nimemwaibisha mbele ya watu wake, na mtu mzima akiaibishwa hadharani hushikilia kosa kwa nguvu zaidi. Lakini akasema, "Mimi nimechunga tangu mdogo. Hilo nilipaswa kulijua." Kisha akageuka kwa vijana. "Nileteeni jogoo."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba huwezi kwenda kwa mtu mliyegombana naye maji ukiwa mikono mitupu. Na hawezi kufungua uzio wa juu kabla hajakwenda mwenyewe kuwaomba wale wa juu wasiwavue samaki wakifika, kwa sababu wakivuliwa hapo watu wake hawatamsikiliza tena yeye wala mimi. Tukapanda bodaboda mbili, yeye na jogoo wake mbele, mimi nyuma nikila vumbi. Miaka mingi alikuwa hajakanyaga kile kijiji. Njia nzima jogoo aliwika kama tarishi.

Mwenyekiti wa juu alitupokea vizuri lakini uso mkavu. Akamwangalia jogoo, akauliza, "Haya, mmetuletea jogoo. Samaki wetu mmewaweka wapi?" Kumbe walishasikia. Kila mtu alikuwa ameshasikia, na walikuwa wanajiandaa kushuka na mapanga kuukata ule uzio. Mzee Nzowa hakujitetea. Alisema, "Nimewafunga. Nimekuja kuwafungua. Naomba tu, wakipita kwako, wape njia mpaka wamalize kuzaa. Wakirudi kushuka, sote tutatega, na katikati tutaacha mlango, wewe kwako na mimi kwangu." Yule mwenzake akatazama mbuga, akatazama jogoo, akasema kwamba babu yake aliwahi kumwambia samaki wakubwa walifika mpaka kwenye chemchemi, na yeye alidhani ni ngano za wazee. Akampokea jogoo. Wakapeana mikono. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika helmeti, nikisali.

Tulishuka jua likiwa bado lipo. Mzee Nzowa aliingia majini na suruali yake ileile akang'oa ufito wa kwanza kwa mkono wake, na vijana wakafuata. Samaki hawakwenda. Walikaa palepale wanatweta, kana kwamba wamesahau njia. Mama Atupele akaniambia nikalale, samaki hawafukuzwi kama kuku. Nililala nimekaa.

Alfajiri ngurumo zikaanza milimani, na asubuhi maji yalishuka ya baridi, yenye nguvu, rangi ya chai ya maziwa. Nilikwenda kwenye mporomoko mdogo wenye mawe, juu kidogo ya pale palipokuwa na uzio. Watu walikuwa wamesimama kingo zote mbili, wa chini na wa juu, na hakuna aliyeshika kitu mkononi. Nikawaona. Migongo yao iko nje ya maji, wanasukumana, wanaruka jiwe hadi jiwe, wanarudishwa na maji, wanarudi tena. Sauti yao ilikuwa kama mvua kubwa kwenye bati. Mama mmoja aliyekuwa anaongea na simu aliishusha tu mkono ukining'inia. Mzee Nzowa alisimama karibu nami, akasema polepole, "Pandeni, wanangu, nendeni mkazae," akajifunika uso kwa kofia yake. Na mimi nililia, Baba. Nililia bila aibu mbele ya wananchi wangu wote, na sare yangu ya kazi imelowa.

Unajua nililia nini. Ulitusimulia kwamba ulipokuwa kijana ningu wakipanda mto wetu, wanawake waliokuwa wakitwanga walinyamazisha michi wasikilize. Tulikucheka, mimi na kaka zangu. Tuliambiana Baba anatia chumvi, mvuvi gani asiyekuza samaki wake. Nisamehe. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, na ni kweli mchi ungenyamaza.

Sasa mvua zinaisha na samaki wengi wameshashuka. Migono ipo, watu wanakula, na mwanya uko katikati kule juu na huku chini. Wengine walikufa zizini, siwezi kukuficha, na sijui mwakani watapanda wangapi. Lakini nimechota maji kwenye chemchemi ya wale wa juu, mahali ambapo sikuwahi kupata rangi, na chupa imegeuka buluu. Nimeiweka dirishani. Ukija kunitembelea utaiona, ingawa najua goti lako. Nimejivunia kazi yangu mwaka huu kuliko siku niliyovaa joho, na nimejivunia kuwa mtoto wako kuliko vyote.

Nisalimie shangazi wa duka na umwambie deni la salamu nimelipa. Nisalimie mchungaji wetu, aendelee kutuombea sisi tuliotawanyika. Msalimie bibi mzaa mama, umpigie kelele sikioni kwamba nakula vizuri. Na wote pale mwaloni waliocheka nawe siku ile, wasomee barua hii yote, bila kuruka.

Na kaka Magesa, yeye anayetega mlangoni mwa mto wetu tangu ulipomwachia nyavu. Nimempigia simu. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wageni huku, akaniambia mimi ni kitinda mimba, nisimfundishe kazi aliyofundishwa na baba yake. Nabii hakubaliki kwao, simlaumu. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba mwaka jana walionekana ningu wachache pale, na waliishia wote kwenye nyavu zake. Simwombi aache kuvua. Namwomba upana wa mlango mmoja, msimu mmoja. Mimi hatanisikia. Huyo ni wako, na mto ni wako, na ulizisikia zile sauti kabla yetu sote. Sema naye, Baba, ungali na sauti.

Binti yako akupendaye,
Perusi